Miaka Kumi, Bei ya Mtu Mzima

Marcy Dubicki alikuwa ameshapaka siagi ya karanga kwenye vipande ishirini na sita vya mkate, na jua la Florida lilikuwa bado halijavuka paa la hoteli. Alikuwa akipaka kwenye buti ya gari, mkate umekaa juu ya gurudumu la akiba, kisu cha plastiki mkononi. Alipaka kama anavyopaka kazini: safu nyembamba, ukingo hadi ukingo, hakuna kulamba kisu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amewalisha watoto mia nne kwa siku katika kantini ya shule huko Toledo, Ohio, na kitu chochote kikiwekwa kwenye sahani aliweza kukwambia uzito wake kwa kukitazama tu.

"Tutakula hizo hizo siku zote nne?" aliuliza Wyatt. Alikuwa na miaka sita na alikuwa amevua viatu tena.

"Kuna zenye jamu na zisizo na jamu. Vaa viatu."

Josie, dada yake, alikuwa ameketi ukingoni mwa maegesho akisoma ramani ya bustani ya burudani. Kesho yake angetimiza miaka kumi. Alikuwa amezungushia kalamu mahali pamoja tu: Jumba la Nahodha, ambako kila asubuhi watoto hupata kifungua kinywa na Kapteni Otto, mtu aliyevalia vazi la fisi-maji mkubwa mwenye kofia ya baharia. Kapteni huja hadi mezani. Akiambiwa ni siku yako ya kuzaliwa, anakuvisha kofia yake. Josie alikuwa amelijua jambo hilo tangu Januari na hakuwa amelirudia zaidi ya mara mbili, maana hakuwa mtoto wa kusumbua.

Curt alikuwa amelala kiti cha mbele, miguu juu ya dashibodi. Walikuwa wametoka Georgia, walikolala njiani, saa kumi alfajiri na yeye ndiye aliyeendesha. Curt hupakia malori kwenye ghala. Kila Januari, wafanyakazi wakimaliza mwaka bila ajali, ghala huwapa bonasi ya dola mia nne. Mwaka huu liliwapa barua ya pongezi na tiketi nne za Bustani ya Kapteni Otto, kila moja imechapwa jina la mwenyewe ili isiuzwe, mwisho wa kutumika tarehe thelathini Juni. Juni shule zimefungwa. Shule zikifungwa, mpishi wa kantini halipwi hadi Agosti. Kwa hiyo familia ya Dubicki ilikuja kustarehe kwa tiketi za bure katika mwezi ule ule ambao nyumba nzima inakula mshahara mmoja.

Kila kitu kilichofuata baada ya tiketi kilikuwa na bei yake. Hoteli. Petroli. Kuegesha gari, dola thelathini na mbili kwa siku, mbele ya hoteli uliyokwisha kuilipia. Sasa lilikuwa limebaki suala la chakula, na lilitakiwa kuamuliwa kabla ya saa nne. Ukipokea bangili zako za plastiki pale mapokezi bila mpango wa chakula, mpango hauwezi kuongezwa tena.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi: unalipa mara moja, kisha kila mmoja anakula milo miwili kwa siku na kitafunwa kimoja kwa kugusisha bangili kwenye mashine. Mtu mzima, dola themanini na tisa kwa siku. Mtoto, ishirini na tisa. Na meza za Jumba la Nahodha walikuwa wanapewa wenye mpango peke yao.

Simu ya Marcy ilikuwa imewekwa juu ya sanduku la barafu, ikitoa sauti ya Trish, dada yake Curt, ambaye alishafika bustanini mara tatu.

"Wifi, nunua. Acha ujanja wako na mikate yako. Sisi mwaka juzi tuliokoa karibu dola mia tatu."

"Mliokoa kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye bei ya kawaida. Ukinunua kimoja kimoja, mbavu tu ni dola ishirini na tatu."

"Na bila mpango ungenunua mbavu?"

"Sasa mbavu ningenunua za nini? Wameona mimi ni chizi?"

"Basi umeokoa pesa ambayo hukuwa na nia ya kuitoa."

"Unaona," Trish alisema, "ndiyo maana Curt amezeeka. Mpe simu kaka yangu."

"Amelala." Marcy akakata simu.

Curt hakuwa amelala. Alishusha miguu, akatoka, akanyoosha mgongo hadi ukalia. Alikuja akaegemea buti na kuitazama karatasi aliyoandika mkewe hesabu. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hadi mikunjo imekuwa myeupe.

"Sasa inasemaje?"

"Inasema kile kile ilichosema nyumbani. Tukila asubuhi chumbani, mchana mikate, jioni tununue mlo mmoja, tunatumia kama mia tano. Mpango ni mia tisa na arobaini na nne. Hauokoi chochote. Unaokoa kama unakula kama bwana harusi."

"Na Jumba la Nahodha?"

"Ndiyo hilo tu."

Curt alichukua kipande cha mkate, akakirudisha. "Nikwambie kitu, na usinikatize?"

"Sema."

"Najua hauokoi. Mimi si mjinga. Nataka siku nne nisisikie bei. Basi. Kule nyumbani nikifungua friji nasikia bei. Mtoto akiacha taa nasikia bei. Sikulaumu, Marcy, wewe ndiye unayetufikisha mwisho wa mwezi. Ila nataka siku nne mtu aseme nina njaa, ale, na asiwepo wa kusema ni dola ngapi. Kwa hilo niko tayari kulipa."

Marcy alifunga mfuko wa mkate kwa ile klipu yake. Alitaka kumwambia kwamba yeye pia amechoka kujisikia akitaja bei. Kwamba akilala huota namba. Badala yake alikokotoa haraka kichwani: kwenye kadi kulikuwa na elfu moja mia tatu na ishirini. Toa mia tisa na arobaini na nne. Petroli ya kurudi. Maegesho. Ingetosha, ikibaki kidogo cha wiki ya kwanza.

"Haya," alisema. "Tununue."

Curt akamtazama kama mtu aliyesukuma mlango akidhani umefungwa.

"Kweli?"

"Usiniulize mara mbili."

*

Foleni ya mapokezi ilizunguka chemchemi ya sanamu ya Kapteni Otto na kurudi ilikoanzia. Walisimama dakika hamsini. Wyatt alilala sakafuni, akainuliwa, akalala tena. Josie alikuwa amesimama wima kama anasubiri kupigwa picha.

Mhudumu wao alikuwa mwanamke wa makamo, kibao chake kifuani kikisema Migdalia, na chini yake mji alikotoka: Ponce, Puerto Rico. Alizungumza kwa upole wa mtu aliyesema maneno yale yale tangu saa kumi na mbili asubuhi.

"Karibuni sana nyumbani kwa Kapteni. Nani ana siku ya kuzaliwa? Naona hapa kuna mtu."

Josie aliinua mkono nusu.

"Wewe, mamangu? Kesho? Haya, chukua." Alitoa beji ya duara, akaandika juu yake namba kumi kwa kalamu nene na kumbandika. "Na keki ndogo itakuja chumbani. Zawadi ya Kapteni."

Marcy ndiye aliyejaza tarehe ile mtandaoni, Februari, alipoona neno *keki ya bure*. Angeweza kuruka kisanduku kile. Hakuna aliyelazimishwa kukijaza.

"Tunaongeza mpango wa chakula," alisema Curt. Alilisema kwa sauti ya kufurahia. "Wakubwa wawili, watoto wawili."

Migdalia aligonga funguo. Akasita, akagonga tena.

"Wakubwa watatu, mtoto mmoja," alisema.

"Hapana, mama. Mimi na mke wangu, na hawa wawili."

"Binti ana miaka kumi, bwana. Mtoto kwetu ni miaka mitatu hadi tisa. Kumi ni mtu mzima."

"Leo ana miaka tisa," Marcy alisema.

"Leo, ndiyo. Lakini kompyuta inahesabu umri wa siku ya mwisho ya kukaa." Aligeuza kioo kidogo ili waone wenyewe. "Ni elfu moja mia moja themanini na nne."

Curt aliacha kutabasamu kidogo kidogo, kama taa inayopungua mafuta.

"Huyu," Marcy alisema, akiweka mkono kichwani kwa Josie, "ana kilo ishirini na tisa. Anakula vipande vitano vya kuku na kuacha kimoja. Mimi navinunua vile vipande kwa ajili ya shule nzima, najua kimoja kinauzwa ngapi. Shuleni kwangu mtoto anapewa sahani ya mtoto hadi atoke darasa la nane. Nyie mnamtoza bei ya huyu?" Alimwonyesha Curt, ambaye ana futi sita na zaidi.

"Atakula chakula cha mtu mzima, mama. Mbavu, samaki, chochote."

"Hataki mbavu."

"Ninaelewa."

"Unaelewa, lakini?"

"Lakini mimi sikuandika hiyo sheria." Migdalia alishusha sauti. "Nina wajukuu watatu. Sijawahi kuwaleta humu. Mimi mwenyewe nakula wali wangu kwenye bakuli, kule nyuma, karibu na mapipa. Unataka nikwambie nini?"

Nyuma yao mtu mwenye kofia ya majani alikohoa kikohozi cha kuwaharakisha.

Elfu moja mia moja themanini na nne. Kwenye kadi ingebaki mia moja thelathini na sita. Toledo ilikuwa maili elfu moja na zaidi kutoka pale, na gari lao halikuwahi kunywa petroli kistaarabu. Marcy hakuhitaji karatasi.

Ndipo Josie aliposogea kaunta. Alibandua beji, taratibu ili isichane fulana, akaiweka mbele ya Migdalia.

"Naweza kuirudisha?" aliuliza. "Keki pia sitaki. Tunaweza kusema natimiza kumi Jumatatu, tukishafika nyumbani. Sijali."

Migdalia aliitazama beji, kisha kompyuta, kisha mlango wa ofisi nyuma yake ambao ulikuwa na dirisha la kioo.

"Tarehe ikishaingia haifutiki, binti," alisema. "Siyo mimi. Inafungwa."

"Wala haitafutwa," alisema Marcy. "Chukua beji yako, Josie. Kesho unatimiza kumi, na mtu asikufanye uone aibu kwa hilo." Akamgeukia Migdalia. "Mpango hatutaki. Tupe bangili."

"Mama, kumbuka bila mpango Jumba la Nahodha halita..."

"Najua."

Curt aligeuka. Alichukua mabegi mawili, lake na la Wyatt, akatangulia kuelekea lifti. Marcy alipomfikia alisema pole pole, mbele ya milango iliyofungwa, "Lile uliloomba nitakupa. Siku nne. Hutasikia bei kutoka kwangu."

"Bila mpango?"

"Bila mpango. Nitafunga mdomo."

Josie alikuwa nyuma yao, akimshika Wyatt mkono. Hakulia. Ramani alikuwa ameikunja na kuitia mfukoni.

*

Langoni mwa bustani mlinzi aliwakatalia sanduku la barafu. La plastiki ngumu haliruhusiwi, alisema, mifuko laini tu. Marcy alimwaga barafu kwenye maua na kuhamishia mikate kwenye begi la Wyatt. Wyatt alilikalia begi hilo ndani ya boti ya Kapteni, kisha ndani ya treni. Saa saba mchana, kwenye joto la kuyeyusha lami, walipolifungua walikuta donge moja la kahawia, jamu na siagi na mkate vimekuwa kitu kimoja. Wyatt alilitazama, akaanza kulia bila kelele, kwa uchovu tu.

"Basi," Curt alisema. "Leo tunanunua. Twendeni."

Kibanda cha chakula kilikuwa na foleni mbili, moja ya wenye mpango, fupi, na nyingine. Walisimama kwenye nyingine. Juu ya kaunta kulikuwa na ubao mrefu wa taa wenye picha za vyakula na namba zake. Marcy aliupa ubao mgongo. Aliyatazama maji, boti zilizojaa watu, bata waliokuwa wakigombea kipande cha mkate wa mtu. Alijiuma ndani ya shavu. Alikuwa ameahidi.

"Chagueni," Curt alisema. "Chochote mnachotaka. Mimi ndiye niliyesema."

"Nataka mbavu," Wyatt alisema, akifuta makamasi.

"Ishirini na tatu," Josie alisema.

"Pizza basi."

"Kumi na nne, na soda unalipia kando. Mlo wa watoto una juisi ndani. Kumi na moja. Chukua huo, ukishindwa viazi nitamalizia mimi." Alisema bila hasira na bila kununa, macho juu, akisoma ubao kuanzia upande wa kulia, zilipo bei.

Curt aliinama akamshika bega. "Josie. Sikia. Nimesema chochote."

"Nimekusikia, baba. Mimi nataka maji. Maji ya barafu wanatoa bure, imeandikwa pale chini kwa herufi ndogo."

"Utakula nini?"

"Sina njaa."

Curt aliinua kichwa na kumtafuta mkewe. Marcy alikuwa amegeuka. Tangu lifti hakuwa ametaja bei hata moja. Walitazamana juu ya kichwa cha binti yao, naye alikuwa ameshasogea mbele, maana zamu yao ilikuwa imefika.

"Maji tu?" aliuliza msichana wa kaunta. "Glasi ngapi?"

Josie aligeuka, akawahesabu kwa kidole, baba, mama, Wyatt, na yeye mwenyewe.

"Nne," alisema. "Na mlo mmoja wa mtoto."