Kona ya Punda Milia

Figo za Mama Lamduan zilikuwa zimechoka. Jumatatu na Alhamisi lazima ashuke mjini kusafishwa damu, na daktari alishasema bila kuzunguka: akikosa mara mbili tatu, tusilaumiane.

Mzee Insorn, jirani yao, ndiye aliyekuwa akimpeleka. Kisha ghafla akakataa, akasingizia macho. Macho gani hayo, wakati mzee mwenyewe anatunga uzi kwenye sindano kibarazani jua likiwa limeshazama? Lakini mtu mzima akisema hataki, hataki. Lori la mboga lingembeba Mama majuma mawili tu; baada ya hapo aliyebaki ni binti, Wandi. Na Wandi, ambaye haogopi nyoka wala radi, anaogopa gari.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya marehemu kaka yake, Khamphan. Misimu miwili ya mvua iliyopita alitumbukia nalo bondeni, pale barabara ya mlimani inapojikunja. Gari lilivutwa, likanyooshwa, likapakwa rangi upya. Khamphan hakunyoosheka. Mtawa wa hekaluni alikwenda konani kuiita roho yake ije nyumbani, na jamaa mmoja akakaa nyuma ya gari na ubani unaowaka, amwambie marehemu kila kona na kila daraja asije akapotea. Mvua ikauzima ubani kabla hata gari halijaondoka. Hakuna aliyethubutu kuuwasha tena.

Tangu hapo ikajulikana kwamba yuko palepale. Anayekufa kwenye kona ile haondoki mpaka aje mwingine kumbadili zamu. Ndiyo maana watu wamepanga sanamu za punda milia ukingoni, kubwa kwa ndogo, na chupa za soda nyekundu zenye mirija, ili aliyepo atulie. Asubuhi soda hukutwa zimepungua. Ni nyuki, wanasema wenye akili zao. Wandi hakuwa na akili za namna hiyo. Kila akikaa mbele ya usukani aliona mkono wa kaka yake ukimjia, mweupe, umelowa.

Mzee Insorn alimfundishia kwenye shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa.

"Achia klachi polepole! Polepole, mama! Hilo si nyati, mbona unalipiga mateke?"

"Linatetemeka, Mzee."

"Linalotetemeka ni goti lako. Gari la watu limetulia."

Kuku walikimbia, watoto wakapanda juu ya marundo ya mabua kumcheka, na siku moja aliingia na gari mzima mzima kwenye mfereji. Lakini kidogo kidogo akaweza kuzunguka shamba, kisha kwenda hekaluni na kurudi. Siku ya mwisho mzee aliinama dirishani, na mara hii hakuwa anacheka.

"Ukifika konani piga honi mara tatu, umsalimie. Jina lake usilitaje. Usisimame. Na mikono yote miwili kwenye usukani, Wandi. Pale kuna mkono utauvuta."

"Wa Khamphan?"

Mzee akapangusa kioo cha pembeni ambacho hakikuwa na vumbi. "Wewe shika tu," akasema, akaenda zake.

Alhamisi kulikucha na ukungu. Mama Lamduan alitoka na kikapu chake, amevaa ile hariri ya zambarau iliyolala sandukuni na kafuri. Nyumba nzima ilijua hariri ile imewekwa kwa ajili ya siku gani.

"Mama, hospitali unaenda na hariri?"

"Nimechoka kuonekana mgonjwa. Haya, endesha."

Wandi akaendesha. Barabara ilipanda, ukungu ukazidi, mpaka akawa haoni mbali. Ndipo punda milia walipoanza kujitokeza ukingoni, mmoja mmoja, wote wameelekea barabarani kama watu wanaongoja basi. Mmoja wao hakuwa na milia. Wandi hakumtazama mara ya pili.

Akapiga honi. Akapiga tena. Kabla ya ile ya tatu alisikia mkanda wa mama yake ukifunguka, na mkono ukatua kwenye usukani na kuuvuta kushoto, kwenye bonde.

Misimu yote ile alikuwa akiuota mkono huo, na ndotoni siku zote ulikuwa wa baridi. Huu ulikuwa wa moto. Ulinukia dawa ya kuchua, na juu yake kulikuwa na plasta ya sindano ya Jumatatu.

"Shuka, mwanangu!" Mama alikuwa analia. "Shuka wewe, uniache nimbadili! Mtoto wangu amesimama kwenye mvua peke yake!"

Wandi alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likaburuzika, likavunja punda wawili wa saruji, likasimama. Injini ikazima. Mbele ya boneti hapakuwa na barabara, ulikuwa ukungu mtupu, na chini yake maji yakinguruma.

Ndipo hapo alipokuwa akiogopa kufika, na sasa amefika, amesimama, na hajafa. Akaingiwa na hasira ambayo hakuijua.

"Kwa hiyo hata Mzee Insorn ulimvutia usukani? Haya, umbadili. Halafu nani aje akubadili wewe, Mama? Mimi?"

Hilo Mama Lamduan hakuwa amelifikiria. Akaonekana mdogo ndani ya hariri yake.

"Kikapuni umeweka nini?"

"Soda yake," Mama akanong'ona. "Na ubani."

"Uwashe. Funga dirisha lako. Safari hii mvua haiupati."

Harufu ya ubani ikajaa ndani. Wandi akateremsha kioo cha upande wake, kidogo tu, na akafanya alichokatazwa.

"Khamphan," akaita. "Kaka, panda gari. Tunampeleka Mama hospitali kwanza, halafu tunakwenda nyumbani."

Mahali fulani chupa ya soda ikaanguka, ikabiringika.

Kisha gari likazama nyuma. Kwanza upande wa kulia, halafu wa kushoto, vilevile kama Khamphan alivyokuwa akirukia bodini tangu ujana wake. Mama Lamduan akamshika binti yake paja. Hakuna aliyegeuka.

Wandi akawasha, akarudisha nyuma, akalinyoosha. Gari lilikuwa zito, likanguruma kwa taabu.

"Tunakata kulia, Kaka," akasema. Na baadaye kidogo, "Tunavuka daraja."

Hospitali mlinzi wa maegesho alilizunguka gari akitikisa kichwa. "Dada, nyuma umepakia nini? Springi zimelala."

"Mizigo ya nyumbani," Wandi akamjibu.

Alasiri walirudi, Mama amechoka, damu imesafishwa, ubani mpya umechomekwa kwenye kopo magotini. Ukungu ulikuwa umeondoka. Konani punda milia walikuwa wa saruji tu, rangi imebanduka, na wote walikuwa na milia. Mkono wa Wandi ukaenda kwenye honi.

"Acha," Mama akasema. "Unamsalimia nani?"

Wandi akaurudisha mkono, akapita.

"Mwambie na kona ya hekaluni," Mama akaongeza. "Huyu toka zamani hajui njia."

"Kona ya hekaluni, Kaka. Tunakata kushoto."

Walipofika uani, Wandi alizima injini. Wakakaa wawili wale, wanangoja, macho mbele. Nyuma yao springi zikainuka, taratibu, upande mmoja kisha wa pili. Mbwa wa Mzee Insorn, ambaye huwabwekea watu wote isipokuwa wa nyumba hizi mbili, alinyanyua kichwa, akatikisa mkia, akalala tena.

"Jumatatu tutoke mapema," Mama Lamduan alisema, akiikunja hariri yake miguuni. "Leo ulikuwa unakwenda kama konokono."