Jina Dogo Pembeni

Amri ilitoka ofisi ya wilaya Jumatatu: ifikapo sikukuu ya taifa, jina la Tongbei lisionekane tena barabarani. Wilaya sasa ingeitwa Ziwa la Korongo, kwa Kichina juu na kwa Kiingereza chini, ili watalii waje. Korongo wenyewe, wale ndege, hawakuwa wameambiwa. Ziwani kulikuwa na bata wa Mzee Shao na mifuko ya plastiki.

Kazi ya vibao sabini na viwili waliipata Chu Laifu, fundi wa mabango, na mkewe Meirong. Laifu alifurahi hadi akapiga mluzi. Meirong alipaka rangi vibao sabini na kimoja. Kile cha stendi ya mabasi alikipiga chenga wiki nzima.

"Mama Jun, hicho kibao kimekukosea nini?" Laifu aliuliza wakila tambi. "Au unamsubiri korongo aje akikague?"

"Tongbei wanaing'oa yote?"

"Yote. Hata kwenye choo cha sokoni."

Meirong akaweka vijiti vyake chini. "Na yule atatuona kwa lipi?"

Laifu akasukuma bakuli lake kando. Miaka thelathini hawakuwa wamemtaja "yule." Enzi za sheria kubana uzazi, kabla mwana wao Jun hajazaliwa, na mama yake Laifu akidai mjukuu wa kiume, Laifu alimbeba binti yao wa siku tisa hadi stendi, akamlaza kwenye benchi pamoja na karatasi nyekundu yenye siku na saa aliyozaliwa. Kituo cha yatima kiliwapa wasichana wote ukoo mmoja, Tong, kipande cha jina la wilaya. Kisha wakapelekwa ng'ambo kwa walezi wa kigeni.

Mwaka jana mmoja wao, binti wa muuza mikate ya mvuke, alirudi kutoka Amerika. Kichina hakujua hata cha kuombea maji. Alikuwa na karatasi tu ya kituo cha yatima, yenye jina la wilaya kwa Kiingereza. Aliifananisha na kibao cha stendi, herufi kwa herufi, akakaa chini yake akilia hadi watu wakamzunguka.

"Wa kwetu akija," Meirong alisema, "karatasi yake ataifananisha na nini? Na korongo?"

Laifu aliinuka. Alitoka uani, akasimama mbele ya kibao kitupu.

"Pembeni," alisema hatimaye. "Kila fundi huweka alama yake pembeni. Leseni yetu inasema Karakana ya Chu, Tongbei. Tuandike hivyohivyo. Kwa Kiingereza."

Karani Fang wa ofisi ya wilaya alipokuja kukagua stendi, aliinama. "Na hii nini?"

"Jina la duka, mkuu," Laifu alisema. "Kibao kikimwangukia mtalii, mjue wa kumshika."

Fang akacheka, akaipiga muhuri hati ya ukaguzi.

Fang alipoondoka, Meirong alirudi nyuma hadi mahali abiria wanaposhukia na mizigo yao. Akakodoa macho. Korongo waliochorwa kibaoni walionekana, wakubwa kama milango. Ile alama haikuonekana kabisa.

"Ni ndogo, Baba Jun."

"Ikizidi hapo watatufungia duka."

"Wewe ndiye uliyemlaza hapa."

Laifu aliliangalia benchi. Kisha akafungua kopo la rangi na kumpa brashi ile pana.