Sheria ya Mla Majina

Jumamosi saa tisa mchana mvua ilikuwa ikinyesha juu ya migomba, na Tupokigwe alikuwa barazani pa jiko akipiga mistari ya rula kwenye daftari. Mbele yake walikaa Lukasi na Hellen, wenzake wa kidato cha pili, wakisubiri mchezo uanze.

Mchezo ulikuwa umetoka mwaka ule, 1996, kwenye mfuko wa koti la mitumba alilonunua kaka yake mnadani Tukuyu. Kilikuwa kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, ukurasa wa thelathini na moja hadi wa hamsini na tatu. Wachezaji walikuwa vijana wa shule ambao pia ni mazimwi. Mmoja wao alibuni hatari za kuwakabili. Tangu waanze kucheza, Lukasi alikuwa ameota matamvua ya samaki shingoni, na mama yake alikuwa amekata kola za mashati yake. Hellen alikuwa na mkia. Alipokaa aliupitisha kwenye pengo la benchi.

Kitabu kilisema kila hatari iandikiwe mambo matatu: inataka nini, dalili yake, na kinachoizuia. Hatari ya kwanza, joka la ziwa Kisiba, ilikuwa imeondoka baada ya kupewa ndizi. Tupokigwe akasoma ya nne.

"Mla Majina. Anataka majina ya watu. Dalili: karatasi iliyopigwa chapa ikibandikwa ukutani. Kinachomzuia: jina hurudi likitamkwa mbele yake na mtu ambaye hajawahi kulitamka."

"Zimwi gani linavaa tai?" Lukasi aliuliza, akitazama mchoro.

"Hili."

"Tumpige tu, tuendelee."

"Hapigwi. Soma sheria."

"Wewe Tupo," Hellen alisema, "hatari zako zina makaratasi kuliko ofisi ya kata."

Saa kumi kikohozi kilisikika njiani. Baba yake Tupokigwe alikuwa akirudi kutoka kiwanda cha chai, alikokausha majani kwa miaka kumi na tisa. Kila siku alikohoa penye mgomba wa kwanza ili Esnath, mke wa mwanawe, asikie. Esnath aliacha kumenya ndizi, akajifunika khanga kichwani, akaingia migombani mpaka mkwe wake apite. Miaka minne tangu aolewe hakuwa amemtazama usoni wala kutamka jina lake. Ni mila ya Wanyakyusa, na nyumba ile iliishika.

Jumatatu kiwanda kilikuwa kimeuzwa. Mla Majina alifika kwa gari jeupe, akabandika karatasi. Wafanyakazi sitini na wawili walisoma majina yao, na kila aliyemaliza kusoma lake alikuwa hana tena. Kesho yake mlinzi wa getini aliwauliza majina. Hawakuwa nayo, basi hakuwafungulia.

Nyumbani mama alifungua kinywa amwite mumewe chakula, ikatoka hewa. Kwenye Biblia ya familia mahali pa jina palikuwa peupe. Mchungaji alimwombea kama "ndugu huyu".

"Jana asubuhi nilikuwa nalo," baba alisema.

Tupokigwe alifungua daftari, akaenda alipokuwa Esnath.

"Wifi, ni wewe tu unayelijua na hujawahi kulitamka."

Esnath aliendelea kumenya. "Unajua unachoniomba?"

"Najua. Lakini bila jina hatarudi kazini."

"Miaka minne mmeninyamazisha. Leo mnataka nikapige kelele kiwandani. Wamama watanisema mpaka kule Matwebe."

Kisha akanawa mikono.

Walikwenda Jumatano. Baba alitangulia, asigeuke nyuma. Mla Majina aliwapokea ofisini, akawapa wanawake viti. Baba, ambaye mlinzi hakumfungulia geti, alibaki nje ya uzio, karibu na dirisha. Esnath hakukaa. Aliugeukia ukuta, akajifunika, akasema, "Ambindwile."

Jina lilitoka likiwa zima.

"Naam," baba aliitika kule nje.

Mla Majina aliomba daftari, akalisoma mara mbili. "Sawa. Jina limerudi."

"Na kazi?" Tupokigwe aliuliza.

"Kazi hukuiandika."

Ilikuwa kweli. Tupokigwe akatoa kalamu.

"Hatari ikishaingia mchezoni haibadilishwi," Mla Majina alisema. "Ukurasa wa arobaini."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Ukutani, kwenye karatasi ya waliopunguzwa, Ambindwile alikuwa amerudi mahali pake, wa thelathini na saba.

Siku zilizofuata wakamwana wa wafanyakazi wengine walipanga foleni, mpaka karatasi ikajaa tena. Kwa Esnath walikuja wanawake wazee, kuku akachinjwa kuondoa mwiko, naye Esnath akaambiwa asirudie.

Jumamosi Lukasi aliuliza, "Hatari ya nne vipi?"

"Ilizuiwa."

"Kwa hiyo tumeshinda?"

Tupokigwe alipiga mstari chini ya ukurasa. "Kwa sheria, ndiyo."

Ambindwile alikuwa nyumbani tangu asubuhi. Ilipokaribia saa kumi alitoka kupitia nyuma ya nyumba, akazunguka shamba la jirani kwenye mvua, akaishika njia kutokea upande wa kiwandani. Alipofika kwenye mgomba wa kwanza, akakohoa.

Esnath aliweka kisu chini, akajifunika khanga. Hellen akausogeza mkia ili apite.