Vyombo vya Msiba wa Corliss

Alhamisi jioni Arlys Novotny alikuwa akimenya viazi jikoni kwake, Dunmar, Nebraska, mlango ukiwa wazi kama ilivyo desturi ya kijiji, Corliss Kessler alipoingia kurudisha bakuli. Corliss alikuwa amezikwa tangu theluji ilipoyeyuka. Alipangusa viatu mlangoni, akaliweka bakuli mezani, akaenda zake. Lilikuwa lile lile ambalo Arlys alilipeleka msibani likiwa na kuku na tambi, jina lake limebandikwa chini kwa utepe ili lisipotee.

Alimpigia simu jirani yake, Bev.

"Hata langu kalileta," Bev alisema. "Kalisugua mpaka linang'aa. Marehemu alikuwa msafi jamani!"

"Lina kitu ndani?"

"Si unajua, chombo hakirudishwi kitupu. Mimi nimelifunika, nimelitia kabatini. Na wewe lifunike."

Arlys alilifunua. Ndani mlikuwa na sauti ya Corliss, ile ya jioni yake ya mwisho. Ilimsihi mumewe, Duane, aache. Kisha iliita majirani kwa majina, na la Arlys lilikuwamo. Jioni ile Arlys aliisikia yote kutoka ng'ambo ya barabara. Kesho yake waliambiwa Corliss ameanguka ngazini, wakaitikia, wakaanza kupika. Alirudisha kifuniko.

Arlys alikipenda kijiji chake kufa. Binamu zake wa Omaha walipomtania kwamba Dunmar hata mbwa hubweka kwa zamu, aliwajibu kwamba kwao mtu akianguka njiani watu wanamruka, ila hapa kila dereva anayepita anakuinulia kidole cha salamu kwenye usukani, awe anakujua au hakujui. Utulivu ule aliuona ni mali yake, na hakuwa na mali nyingine. Lakini Jumamosi ya wiki hiyo mdogo wake, Janelle, alikuwa anaolewa na Duane.

Janelle aliingia jua likizama, amekumbatia kitambaa cha mapazia.

"Dada, mbona umepauka hivyo? Au unaona wivu mimi kuvaa gauni jeupe na umri huu?"

"Gauni lenyewe lazima lifungike kwanza," Arlys alisema, na wote wawili wakacheka.

Kisha Janelle akaketi. "Binamu zetu wa Omaha wananiambia mambo kuhusu Duane. Wewe ndiye uliyekuwa karibu. Niambie ukweli, uliwahi kusikia kitu?"

Kifuniko kilianza kutikisika. Janelle alikitazama bila kuuliza. Arlys aliweka kiganja juu yake, akakikandamiza. Kilikuwa cha moto. Angeweza kukiinua. Aliwafikiria binamu wa Omaha, namna watakavyocheka, na namna jina la Dunmar litakavyotajwa toka hapo.

"Ningesikia nini, mpenzi? Hapa kwetu ni kimya."

Janelle alishusha pumzi. "Nilijua. Ndiyo maana sikutaka kuolewa kwingine."

Arusi ilifana. Corliss alikuja, akakaa kiti cha nyuma, watu wakamsogezea keki.

Wiki ya pili, sauti ya Janelle ilivuka barabara. Haikuita jirani mwingine yeyote, ilimwita dada yake tu, na Arlys aliisikia mpaka ilipokoma.