Kitufe cha Kulinganisha

Leo nimefungua programu yetu ya kuchambua takwimu za mvua nikakuta imebadilishwa sura, rangi tele kama za harusini. Kitufe cha kulinganisha miaka, nilichokuwa nakibonyeza hata nikiwa nimefumba macho, hakipo. Nilipekua kila kona mpaka chai ikapoa, na bosi anasubiri grafu. Nikampigia wifi yangu, maana ni mmoja wa walioitengeneza.

“Wifi, si ulikuja ukakaa hapa kando yangu, ukaniuliza ni kitufe gani kikikosekana kazi yangu inakwama?”

“Ndiyo, na ulitusaidia sana,” akasema, sauti tamu kama siku ile. “Ndiyo maana tumekihamishia kwenye toleo la kulipia.”