Tenzi za Undela

Isabela Anselmo hakutungia mezani. Alitungia njiani, ndoo ikiwa kichwani, akipanda genge kutoka chemchemini. Newala iko juu na maji yako chini bondeni, na mwaka ule wa 1952 habari ya mashine ya kupandisha maji ilikuwa bado uvumi. Mwalimu au si mwalimu, kila mwanamke wa kijiji cha Mkunya alishuka na kupanda kwa miguu yake. Hatua nane, mizani nane. Akifika nyumbani, alitua ndoo na kuandika kabla beti hazijampotea.

Msikilizaji wake wa kwanza alikuwa Mwanakombo, mama yake Safari, jirani yake na mkulima wa mihogo aliyepanda genge nyuma yake kila siku.

"Mwalimu, jana ulimwacha Nakwelu mlangoni pa mfalme. Akafanyaje?"

"Subiri nipumue, Mama Safari."

"Pumua huku unasema."

Ndipo Isabela akasema:

*Nakwelu akasimama,*
*akaita kwa kuhema:*
*"Maji mlioinama,*
*leo nanyi mtapanda!"*

Katika miaka mitatu alikuwa amejaza madaftari manne. Ndani yake mlikuwa na nchi iitwayo Undela, iliyo chini ya mizizi ya milima. Ilikuwa na wafalme wake, vita vyake na miungu wake, tena kila mto ulikuwa na ukoo. Hakuna mtu aliyewahi kuisikia nchi hiyo kabla yake.

Padri Walter, msimamizi wa shule, aliyaona madaftari yale akayapeleka Masasi kwa Mzungu mmoja mchapishaji aliyekuwa akipita kukusanya maandiko ya Kiswahili. Baada ya wiki mbili Isabela naye akaitwa. Aliondoka alfajiri kwa lori la korosho, amevaa gauni lake la Pasaka.

"Kazi nzuri sana," yule bwana alisema kwa Kiswahili safi. "Tutaichapa. Nimekwisha andika utangulizi, kilichobaki ni jina la mzee aliyekusimulia."

"Hakuna mzee, Bwana. Nimetunga mwenyewe."

Yule bwana alitabasamu, kama mtu anayemngoja mtoto aseme kweli. "Hizi ni mila za kale za Wamakonde. Mtu mmoja hawezi kubuni nchi nzima."

"Mmoja ameweza. Yuko mbele yako."

Tabasamu likamtoka. Akaeleza polepole kwamba hadithi za wazee zina thamani kwa wataalamu, na tenzi za dini zina wasomaji wake. Lakini miungu waliobuniwa na mwalimu wa darasa la pili, nani atawataka? Akamsogezea utangulizi pamoja na kalamu. Isabela akasoma: *Mkusanyaji, Bi. Isabela.* Akairudisha kalamu, akasimama.

Padri Walter, aliyekuwa amekaa pembeni na madaftari mapajani, akainuka akamfuata hadi barazani. "Mwanangu, kuna ugumu gani? Sema ulisikia kwa bibi yako. Kitabu kitoke, tushangilie sote."

"Bibi alinipa mengi, Padri. Haya hakunipa. Nimsingizie marehemu?"

"Basi fikiria upande wangu. Zikiwa mila za kale, ninaweza kuzitetea kwa Askofu. Zikiwa zako, mwalimu wa misheni ametunga miungu! Nitamwambia nini?"

"Mwambie nimetunga. Mungu ninayemwabudu anajulikana, na Jumapili ananiona."

"Sitaweza kukuacha darasani, Isabela."

Kazi ile baba yake aliiombea miaka mingi. Hata hivyo alinyoosha mkono. "Naomba madaftari yangu."

Padri akampa.

Mwisho wa mwezi akaacha kufundisha, akashika jembe katika shamba la mikorosho la mama yake. Habari zilimtangulia chemchemini: mwalimu amefukuzwa kwa ajili ya hadithi. Asubuhi moja wanawake walikuwa kwenye foleni, maji yakichuruzika kidogokidogo. Kikongwe mmoja, Veridiana, akamwita mbele ya wote.

"Hiyo hadithi yenyewe ni ya kweli?"

"Si ya kweli, Bibi. Nimeitunga."

"Yote?"

"Hata majina."

Veridiana akageuza ndoo yake, akaikalia. "Basi anza mwanzo. Foleni ni ndefu."

Tangu siku hiyo Undela ilikua. Wanawake walibishana naye, na mabishano yao yakaingia madaftarini. Miaka ilivyopita, mizani nane zikawa finyu kwa vita na koo zote zile, naye akaanza upya kwa nathari, tangu kuumbwa kwa mto wa kwanza. Kitabu kikatoka baada ya uhuru, jina lake peke yake likiwa juu ya jalada. Wasomaji waliokisifu hawakujua kwamba chini ya kila sura palikuwa na utenzi.

Nakala ya kwanza alimsomea Mwanakombo, siku tatu mfululizo. Siku ya tatu Mwanakombo akamkatiza.

"Huyu mume wa Nakwelu ametoka wapi? Kwenye tenzi hakuwapo."

"Nilimwongeza."

"Wa nini? Mwondoe."

"Kitabu kimekwisha chapwa, Mama Safari."

"Si kuna cha pili? Afie humo."

Isabela akacheka, akatafuta penseli.