Wale wa Rwamgasa

Mzee Mageni alikuwa tajiri aliyejua kuonekana maskini, na kazi hiyo, jamani, si rahisi hata kidogo. Ukipita kwake, nje kidogo ya Kahama, ungekuta zizi la ng'ombe kumi na watano waliokondakonda, na mwenyewe ndani ya shuka iliyotoboka begani. Ng'ombe wake wengine wote, zaidi ya mia, aliwaweka kwa marafiki katika miji yao sita, boma hapa boma kule. Rafiki alikunywa maziwa na kurutubisha shamba kwa samadi. Ng'ombe na ndama wake walibaki wa Mageni. Ugonjwa ukiingia zizi moja, mengine yanapona. Na makarani walipokuja kuhesabu mifugo, kwanza kwa ajili ya nyama ya askari wakati wa vita vya Hitila, kisha kwa ile minada ya lazima ya kupunguza mifugo baada ya vita, waliandika kumi na watano wakaenda zao.

Aliyeijua miji yote sita ni bintiye, Nyamizi. Kila kiangazi, tangu alipokuwa na miaka kumi, baba yake alimtwika kifuko cha chumvi ya ng'ombe wakaondoka wawili, siku nane kwenda na kurudi. Enzi hizo zilikuwa tamu! Baba alikuwa mkimya nyumbani, lakini njiani ulimi ulimfunguka: alimwimbia, alimtania kwa miguu yake myembamba, alimwita "mama" kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa. Mji wa mwisho ulikuwa wa Donatus kule Rwamgasa, ambako upepo ukivuma vizuri ulisikia king'ora cha mgodi wa Geita. Safari ya kwanza kufika pale, baba alimshika mkono mbele ya Donatus na majirani wawili, akamjaza chumvi kiganjani, akamsogezea mtamba mwekundu mwenye baka jeupe usoni. "Mlishe wewe," akasema. Ulimi ulimkwaruza, Nyamizi akacheka mpaka akamwaga chumvi nusu, na wazee wakacheka naye.

Basi, hayo yalipita. Nyamizi akaolewa, miaka mitatu mtoto hakuonekana, mume akamrudisha kwao na kudai mahari yake. Ng'ombe kumi na wawili! Mzee aliwalipa bila neno, wote kutoka zizi la nyumbani, asije akafichua wale wengine. Yule dume wake mweusi aliyempenda kuliko kula, naye alikwenda, na Nyamizi alijifungia ndani asimwone akitolewa. Tangu siku ile hakuweza kumtazama baba yake usoni bila kuona zizi lililopungua.

Mwaka hamsini na tano homa ikamchukua mzee kwa siku tatu tu. Matanga yalipokwisha, kaka yake Nyamizi, Theonest, akamwita uani. Theonest alisomea misheni, alikuwa akipima pamba ghalani, na ng'ombe hakuwajua ila mchuzini.

"Dada, nionyeshe walipo. Nataka kuwauza nijenge nyumba ya bati na duka. Hii habari ya kuficha ficha imepitwa na wakati."

"Nitakuonyesha, kaka. Ila nami unipe mmoja tu, ng'ombe jike. Mkeo ameshaniuliza nitaondoka lini."

"Bhebe, wewe Nyamizi!" Theonest akashangaa kweli, wala hakuwa mtu mbaya. "Fungu lako si ulishakula? Kumi na wawili wametoka kwa jina lako. Halafu tangu lini mwanamke akarithi zizi?"

Moyo ulimchemka Nyamizi, akaamua: miji mitano nitamwonyesha, wa sita sitautaja. Nani atamwambia?

Wakazunguka miji mitano, na kila mahali waliwakuta ng'ombe wao wametunzwa. Waliulizwa habari za mzee, wakaliliwa, wakapewa maziwa. "Basi ndiyo yote?" Theonest akauliza jioni ya siku ya tano. Nyamizi akafungua kinywa aseme ndiyo. Lakini walikuwa wamesimama palepale ambapo baba yake alizoea kuvunja tawi la miiba lililoziba njia na kumwambia, "Serikali mfiche, mama. Mtu wa nyumba yako usimfiche." Alimkumbuka hata na sauti yake.

"Bado Rwamgasa," akasema, na machozi yakamtoka kwa hasira. Alijua amejikata mwenyewe.

Donatus alikuwa amezeeka, anatembelea fimbo. Nyamizi alitangulia kuingia uani, kaka yake akiwa bado nje, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja peke yako?"

"Nimekuja na kaka."

"Ahaa! Vizuri sana." Akawaita wale majirani wawili, nao vichwa vimewajaa mvi, ndipo akamgeukia Theonest aliyekuwa ameingia. "Kijana, msiba wa baba yako ulitufikia. Aliniambia hivi: Nyamizi akija peke yake, mpe maziwa arudi. Akija na nduguye, mpe mali yake, nduguye asikie kwa masikio yake, asije akamwita mwizi. Hawa tisa uwaonao ni uzao wa mtamba aliyelishwa chumvi na huyu, sisi tukiona. Si urithi. Ni wake tangu mtoto."

Theonest akatazama chini. "Mzee hakuwahi kunitajia."

"Angekutajia ungeuza," jirani mmoja akasema, wakaguna wote. Theonest mwenyewe akacheka kidogo, akajikuna kichwa.

"Lakini baba..." Nyamizi alishindwa kumaliza. "Nilipoachika alikuwa na hawa huku? Mbona alimtoa dume wake?"

Donatus akaegemea fimbo yake. "Alipita hapa mwezi ule, amechoka, mahari inadaiwa. Nikamwambia, Mageni, chukua hawa ulipe, umbakize yule mweusi. Alinikasirikia, mwanangu, sijapata kumwona vile. Akasema, 'Wale si wangu.'"

Yule ng'ombe mwenye baka usoni alikuwa angali hai, mbavu nje, pembe moja imevunjika. Nyamizi akafungua kifuko alichokuja nacho, akajaza chumvi kiganjani, akamwendea huku akilia kwa sauti bila kumwonea mtu haya.